Usiku wa kuitazama nebula kutoka Boko

Nebula ni mawingu ya gesi na vumbi yaliyotanda kati ya nyota. Baadhi yake hung'aa kwa sababu mionzi mikali ya nyota changa zilizomo ndani huichochea gesi mpaka ikatoa mwanga wake yenyewe, na hizo ndizo zinazofikiwa na jicho kwa msaada wa darubini ndogo. Mwanga wake ni hafifu na umesambaa, kwa hiyo kuiona nebula vizuri hutegemea zaidi usiku na saa iliyochaguliwa kuliko ukubwa wa darubini. Uchaguzi huo huongozwa na mambo manne: saa ambayo nebula inapita juu, saa ambayo giza linakamilika, mahali mwezi ulipo, na majira ya mvua. Boko, pembezoni mwa Kinondoni, Dar es Salaam, kwenye Barabara ya Bagamoyo, ina jambo la tano lisiloepukika, nalo ni upande ambao jiji limekaa.

Nebula tatu zinatosha kuonyesha namna mpango unavyofanywa. Ya kwanza ni M42, katika upanga wa kundinyota la Jabari, karibu na nyota tatu za mshipi. Iko umbali wa takriban miaka nuru 1,350, na mahali penye giza huonekana hata kwa macho matupu kama nyota yenye ukungu. Ya pili ni NGC 3372 katika kundinyota la Mkuku. Hiyo ni kubwa kuliko M42, na ndani yake imo Eta Carinae, nyota iliyolipuka miaka ya 1840 hadi mwaka 1843 ikawa ya pili kwa mwangaza angani baada ya Shira. Mwanaastronomia Mfaransa Lacaille aliiweka nebula hiyo kwenye orodha yake alipokuwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752. Ya tatu ni M8 katika kundinyota la Mshale, penye kitovu cha Njia Nyeupe.

Hesabu huanza na mahali. Boko ipo nyuzi 6 na dakika 38 kusini mwa ikweta, na nyuzi 39 na dakika 10 mashariki. Kila kitu cha angani hufika juu kabisa kinapovuka mstari wa kaskazini na kusini unaopita utosini, na urefu wake wakati huo hupatikana kwa kutoa: tofauti kati ya latitudo ya mahali na latitudo ya nyota angani huondolewa kwenye 90. M42 iko nyuzi 5 na dakika 23 kusini mwa ikweta ya mbingu. Tofauti yake na Boko haizidi nyuzi 1 na robo, hivyo hupita karibu kabisa na utosi, kwenye nyuzi 88.8. M8, iliyo kwenye nyuzi 24.4 kusini, hufika nyuzi 72. NGC 3372, iliyo karibu na nyuzi 60 kusini, haipandi zaidi ya nyuzi 37 hata kwenye saa yake bora.

Tofauti hizo ni kubwa kuliko zinavyosikika. Mwanga unaotoka utosini hupita unene mmoja wa angahewa. Unaotoka nyuzi 30 hupita unene wa mara mbili, ukiwa na unyevu na vumbi vyote vya karibu na ardhi. Kwa nyota moja kali hasara hiyo huvumilika, lakini kwa wingu hafifu ndiyo hutenganisha kuona na kukisia. Kwa sababu hiyo watazamaji wengi hujiwekea mpaka wa nyuzi 30 na kuachana na chochote kilicho chini yake.

Baada ya urefu huja saa. Dunia hukamilisha mzunguko wake kwa kulinganishwa na nyota katika saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kwa hiyo kila usiku nyota hufika mahali palepale dakika nne mapema kuliko jana yake, na kila mwezi saa mbili mapema. Akijua saa moja tu ya tarehe moja, mtazamaji anaweza kupata saa za mwaka mzima kwa kujumlisha na kutoa. Kwa Boko kuna marekebisho madogo ambayo vitabu vya nje haviwezi kuyataja: saa ya Afrika Mashariki hufuata longitudo 45, ambayo haipiti Tanzania kabisa, na Boko iko karibu nyuzi 6 magharibi mwake. Kila nyuzi moja ni dakika nne, hivyo mbingu ya Boko iko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 23 hivi.

Katikati ya Desemba M42 hufika juu saa 6:20 usiku. Tarehe 18 Januari hufika saa 4:07 usiku, na tarehe 17 Februari saa 2:10 usiku. Katikati ya Machi inafika juu jua likiwa halijazama sawasawa, na giza linapoingia tayari imeshaanza kuteremkia magharibi. Saa hizi hurudi kila mwaka kwa tofauti ya dakika chache, kwa hiyo orodha iliyoandikwa mara moja hutumika kwa miaka mingi. Asiye na orodha anaweza kukiangalia Kilimia, ambacho wakulima wa pwani walikifuata tangu zamani kwa majira ya kupanda: humtangulia Jabari kwa karibu saa mbili, na kikionekana juu kabisa, M42 bado ina saa mbili za kupanda.

Kupita utosini kunaleta tatizo lake. Darubini nyingi za bei nafuu hukaa kwenye kiti kinachogeuka kulia na kushoto, juu na chini. Bomba likielekezwa wima, msogeo mdogo wa nyota hudai kiti kizima kizungushwe, na nebula hutoroka kwenye lenzi kabla mtu hajapata nafasi ya kuinama. Shingo nayo huchoka. Ndiyo maana kwa Boko saa bora ya M42 kwa darubini ya kiti si ile ya kilele, bali saa moja na nusu kabla au baada yake, ikiwa kwenye nyuzi 67 hivi: hewa bado ni nyepesi na mikono inafanya kazi bila kuhangaika. Kwa darubini ya mkononi ya macho mawili mambo ni kinyume. Mkeka ukitandikwa juu ya paa la zege au uwanjani, mtazamaji akalala chali viwiko vikiwa chini, mikono haitetemeki, na utosini ndipo panapostahili kutazamwa.

Giza la Boko ni rahisi kupanga. Karibu na ikweta jua huzama karibu wima, na mwaka mzima saa ya kuzama kwake Dar es Salaam hubadilika kwa zaidi kidogo ya nusu saa tu. Mwanga wa mwisho wa jua hutoweka saa moja na robo hivi baada ya kuzama, kwa hiyo giza kamili huanza kati ya saa moja na nusu na saa mbili usiku katika kila mwezi. Mtazamaji wa London hana giza kamili kabisa katikati ya mwaka. Wa Boko ana karibu saa tisa za giza au zaidi kila usiku wa mwaka, mwezi na mawingu vikiruhusu.

Mwezi ndio unaokata kalenda. Ukiwa mpevu hufifisha kila nebula isipokuwa kiini cha M42, na hakuna darubini inayoushinda. Wavuvi wa dagaa wa pwani hupanga kazi yao kwa kalenda hiyohiyo: huingia baharini na taa wakati wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi. Mpango wa mtazamaji hufanana na wao, ila una pande mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Mwezi huchomoza na kuzama kwa kuchelewa karibu dakika 50 kila siku. Kwa nebula inayotazamwa mapema usiku, kati ya saa mbili na saa tano kasoro, siku zinazofaa ni kuanzia usiku wa tano baada ya mwezi mpevu, kwa kuwa mwezi haujachomoza bado, hadi usiku wa tatu baada ya mwezi mpya. Kwa nebula inayotazamwa usiku wa manane dirisha husogea: huanza kama siku nne kabla ya mwezi mpya na kuendelea hadi mwezi wa robo ya kwanza, ambao huzama karibu na saa sita usiku. Anayesema tu kwamba nebula hutazamwa mwezi mpya hakosei, lakini anajinyima karibu nusu ya siku zake.

Yamebaki mawingu, na hapo kazi inakuwa ngumu. Kwa wastani wa miaka 1971 hadi 2000, kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege wa Dar es Salaam kilipata zaidi ya milimita 250 za mvua katika Aprili peke yake na karibu 200 katika Mei. Julai, Agosti na Septemba kila mmoja haukufika milimita 30. Januari na Februari ziko katikati: zina mvua za hapa na pale, joto na unyevu wa kaskazi, lakini usiku mkavu hupatikana. Novemba na Desemba ni vuli, na mwaka wa El Niño vuli hiyo huwa nzito zaidi, kama ilivyokuwa 2023. Kwa hiyo M42, inayopita juu saa sita usiku katika Desemba, haina sababu ya kusubiriwa mwezi huo. Januari na Februari huiweka juu mapema zaidi na chini ya mbingu iliyo wazi zaidi.

NGC 3372 ndiyo inayokataa kufuata mpangilio huu. Vitabu vya Afrika Kusini na Australia huitaja kuwa nebula ya Aprili na Mei, na kwa hesabu ya nyota ni kweli: tarehe 17 Aprili hufika juu saa 3:25 usiku, na tarehe 16 Mei saa 1:31 usiku. Kwa Boko hiyo ni miezi ya masika. Anayeifuata ratiba hiyo atakesha akitazama mawingu, na usiku mmoja ukifunguka, unyevu ulioachwa na mvua utang'aa kwa taa za jiji.

Njia mbili zimebaki, na moja ni bora. Ya kwanza ni kungoja Juni, mvua ikishakatika. Tarehe 15 Juni nebula hiyo hufika juu saa 11:33 jioni, mchana bado. Giza linapokamilika saa moja na nusu ingali kwenye nyuzi 32, na saa moja baadaye imeshuka hadi 27. Nafasi ipo, lakini ni ya nusu saa kabla mpaka wa nyuzi 30 haujavukwa. Ikifika tarehe 12 Julai, siku ambayo mwaka 2022 darubini ya James Webb ilitoa picha zake za kwanza, mojawapo ikiwa ya pembe ya nebula hii, Boko huipata giza likiingia kwenye nyuzi 22 tu. Njia ya pili ni kuitangulia: kuitazama Februari, usiku wa manane, kabla masika hayajaanza. Tarehe 17 Februari hufika juu saa 7:18 usiku, na hukaa juu ya nyuzi 30 kuanzia saa 4:52 hadi saa 9:44. Karibu saa tano nzima, badala ya nusu saa ya Juni. Gharama yake ni usingizi, na inalipika.

Hapa upande wa jiji unaingia kwenye hesabu. Katikati ya Dar es Salaam iko kusini na kidogo mashariki mwa Boko, kwa hiyo mtu akisimama Basihaya au Dovya, hapohapo Boko, na kuelekea kusini, mbele yake ziko Tegeta, Mbezi na jiji lote. NGC 3372 husimama juu ya mng'ao wa taa za jiji hilo, na haina urefu wa kuukwepa. M42 haijali, kwa kuwa iko utosini, na M8 ya nyuzi 72 inausikia kidogo tu. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ulizima mitaa kwa zamu, lakini giza la mtaa mmoja huondoa taa za majirani tu. Mng'ao unaotanda angani hutoka kwenye maelfu ya taa zilizo kilomita nyingi mbali, na huo hubaki.

Tiba ni kusogea. Kutoka Boko kwenda kaskazini, Mapinga au Kerege, huliacha jiji mbali zaidi, na hasara ya urefu wa nebula haifiki robo ya nyuzi, kwa kuwa nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111. Bora zaidi kwa nebula hii moja ni upande wa pili wa jiji. Kimbiji, katika Kigamboni iliyokuwa sehemu ya Temeke, ina jiji kaskazini-magharibi kwake, na kusini mna giza. Mkazi wa Boko anayetaka kusafiri kwa ajili ya nebula moja tu katika mwaka, safari hiyo aifanye kwa ajili ya Mkuku. Za Jabari na Mshale aziangalie nyumbani.

Anayechagua ufukwe azingatie pia maji. Siku za mwezi mpya ni siku za bamvua. Katika pwani hii maji hujaa alasiri kuelekea saa kumi na kupwa sana kuelekea saa nne usiku, na hurudi kujaa kuelekea alfajiri. Mchanga ulio mpana saa nne hautakuwepo saa tisa, kwa hiyo darubini iwekwe juu ya alama ya maji makuu.

Vipande hivi vikiunganishwa, mwaka 2026 unatoa mfano mzuri. Mwezi mpevu uliingia usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari, na mwezi mpya tarehe 17. Dirisha la mapema la M42 likawa kuanzia tarehe 7 hadi 20. Dirisha la manane la NGC 3372 likawa kuanzia tarehe 13 hadi 23. Siku za kuanzia 13 hadi 20 zimo katika yote mawili: Jabari kwanza kwa darubini ya mkononi utosini saa mbili, kisha kwa darubini ya kiti kuanzia saa tatu na nusu inapoelekea magharibi, mapumziko, halafu Mkuku kuanzia saa tano usiku. Mwaka 2027 mwezi mpya wa Februari uko tarehe 6, na M42 itafika juu saa 2:53 usiku. Mpango ni uleule, umesogezwa kwa dakika 43.

M8 haihitaji ujanja wowote. Tarehe 14 Julai 2026 inafika juu saa 5 kasoro dakika 2 usiku, tarehe 12 Agosti saa 3:03, na tarehe 11 Septemba saa 1:05, na tarehe zote tatu ni za mwezi mpya. Ni miezi mikavu kuliko yote. Kusi huleta vipande vya mawingu ya chini kutoka baharini, lakini hupita na kuacha nafasi, tofauti na pazia la masika. Agosti ndiyo bora: saa ni nzuri kwa mtu anayeamka mapema kwenda kazini, Njia Nyeupe imekatiza juu ya kichwa, na siku za kuanzia tarehe 3 hadi 15 zote zinafaa. Anayeanza, aanze hapo.

Kilichobaki ni jicho. Gesi ya nebula hutoa mwanga wake katika mistari michache ya rangi, na ule wa oksijeni uko kwenye nanomita 500.7, karibu kabisa na nanomita 507 ambako jicho lililozoea giza huona vizuri zaidi. Mstari mwekundu wa hidrojeni, kwenye nanomita 656.3, unaotawala picha zote za kamera, jicho la usiku karibu haliuoni. Kwa hiyo M42 kwenye darubini ni ya kijivu au kijani hafifu, ikiwa na nyota nne ndogo zilizobanana katikati, na anayetarajia uwaridi wa picha anaweza kuiona na asijue kwamba ameiona. Kichujio kinachopitisha mstari wa oksijeni na kuzuia mwingine hupunguza mng'ao wa jiji kuliko kinavyopunguza nebula, na huisaidia NGC 3372 kuliko zote. Kwa M42 si lazima.

Jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na taa moja ya ulinzi ukutani kwa jirani huirudisha kazi yote mwanzo. Mahali pa kukaa huchaguliwa kwa kivuli cha taa hizo kabla ya kuchaguliwa kwa upana wa anga. Kipimo cha haraka cha anga ni Wingu Kubwa la Magellan, upande wa kusini: likionekana kwa macho matupu katika usiku wa Januari au Februari, NGC 3372 itajitokeza bila shida, lisipoonekana, ni heri kubaki na Jabari usiku huo. NGC 3372 isitafutwe karibu na Suheli, ingawa nyota hiyo imo katika kundinyota lilelile la Mkuku. Iko mbali nayo kuelekea kundinyota la Salibu.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husaidia kwa siku mbili tatu, na siku yenyewe picha za satelaiti za mionzi ya joto huonyesha mawingu hata baada ya jua kuzama. Lisilotabirika kwa picha ni umande. Hewa ya Boko ina unyevu wa bahari, na lenzi inayotazama mbingu tupu hupoa kuliko hewa iliyoizunguka. Baada ya saa moja au mbili hufunikwa na ukungu mwembamba, na nebula hutoweka huku nyota kubwa zikiendelea kuonekana, jambo linalomfanya mtazamaji alaumu anga. Kifuniko cha kadibodi kinachotokeza mbele ya bomba kwa mara moja na nusu ya upana wake huchelewesha umande huo. Lenzi ikiisha kulowa isifutwe kwa kitambaa. Ielekezwe chini na kuachwa ikauke yenyewe, na katika ratiba ya Februari muda wa kufanya hivyo upo, kati ya Jabari kuteremka na Mkuku kupanda.